Kufundisha Uandishi wa Programu za Kompyuta Chuo Kikuu kwa Vitendo: Mwongozo Kamili kwa Mhadhiri wa Mwaka wa Kwanza

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa somo la utangulizi wa uandishi wa programu, niliandaa slaidi 90 za masharti, vitanzi (maagizo yanayojirudia) na fanksheni (vipande vya programu vilivyopewa jina), nikazipitia darasani kwa saa mbili kila wiki, na mwishoni mwa muhula wanafunzi walinirudishia slaidi zile zile kwenye karatasi za mtihani, neno kwa neno, pamoja na kosa moja la uchapaji ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona. Wengi walifaulu. Nilipowakalisha baadhi yao mbele ya kompyuta na kuwaomba waandike programu ya kupokea namba tatu na kutaja iliyo kubwa, walibaki wakiitazama skrini tupu.

Tatizo hili si la chuo kimoja wala nchi moja. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken liliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne waliokuwa wamekamilisha masomo ya utangulizi, na wastani wa alama zao ulikuwa 22.89 kati ya 110. Miaka mitatu baadaye Raymond Lister na wenzake walionyesha kuwa shida huanza mapema zaidi ya pale tunapodhani, kwa sababu wanafunzi wengi hawakuweza hata kusoma kipande kifupi cha msimbo, yaani maandishi ya programu, na kusema kitatoa jibu gani. Ninaushikilia uchunguzi huo wa pili kuliko wa kwanza. Kufundisha kwa vitendo hakumaanishi kumfungulia mwanafunzi mlango wa maabara na kumwambia aandike. Kunamaanisha kupanga vitendo vyenyewe, kimoja baada ya kingine, na kitendo cha kwanza ni kusoma.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa darasa la mfano lenye wanafunzi 120, maabara moja yenye kompyuta 40, wahadhiri wasaidizi watatu, muhula wa wiki 15 na lugha ya programu iitwayo Python. Mwenye darasa dogo zaidi atapata nafuu, na mwenye darasa kubwa zaidi atalazimika kuongeza zamu, lakini utaratibu ni ule ule.

Hatua ya kwanza: panga maabara kwanza, mihadhara ifuate

Kwa kawaida ratiba ya somo huanza na mihadhara, kisha maabara huchomekwa pale chumba kinapopatikana. Geuza mpangilio huo. Andika kwanza kile ambacho mwanafunzi atakifanya kwa mikono yake kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya kumi na tano, kisha ujiulize ni maelezo gani machache anayoyahitaji ili aweze kukifanya. Maelezo hayo ndiyo mhadhara wako. Utashangaa kuona kwamba saa mbili za mhadhara zinatosha kubanwa kuwa saa moja, na saa iliyookolewa inaweza kuhamishiwa maabara.

Hesabu ya viti inahitaji umakini. Ukimweka kila mwanafunzi kwenye kompyuta yake, wanafunzi 120 kwa kompyuta 40 ni makundi matatu, na ikiwa kila kundi lina vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki, maabara itakuwa na shughuli kwa saa 12. Hapo unadhani kompyuta zote 40 ni nzima, jambo ambalo kila aliyefanya kazi katika maabara za vyuo vyetu anajua kuwa halidumu kupita wiki ya pili. Ukiwaweka wanafunzi wawili wawili, utakuwa na jozi 60, yaani makundi mawili ya jozi 30. Saa za maabara zitashuka kutoka 12 hadi 8, na kompyuta 10 zitabaki akiba kwa ajili ya kibodi iliyokufa, mashine inayojiwasha upya na nyingine isiyotambua flashi. Nilianza kuwapanga wawili wawili kwa sababu ya uhaba tu. Baadaye nikagundua kwamba hata ningepewa kompyuta 120 nisingeuacha utaratibu huo, kwa sababu nitakazoeleza mbele.

Hatua ya pili: andaa mashine kana kwamba intaneti haipo

Weka toleo moja la Python kwenye kompyuta zote, na hakikisha ni lile lile utakalowapa wanafunzi wenye kompyuta mpakato. Tofauti ndogo za matoleo hupoteza nusu saa ya kipindi, na anayeipoteza ni mwanafunzi asiyejiamini. Pakua faili ya usakinishaji mara moja, uihifadhi kwenye seva ya maabara au kwenye flashi tano, na usimtake mwanafunzi atumie bando lake kupakua kitu ambacho tayari unacho. Kwa kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, ninapendekeza Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza: huja na Python yake ndani, haihitaji mashine yenye nguvu, na ina sehemu inayoonyesha thamani ya kila kibadilika, yaani jina linalohifadhi data, wakati programu inatekelezwa mstari kwa mstari. Vihariri vikubwa vya kitaalamu vinaweza kusubiri mwaka wa pili. Mwanafunzi asiye na kompyuta lakini mwenye simu ya Android anaweza kufanyia mazoezi kwenye Pydroid 3, ingawa kuandika msimbo mrefu kwa kidole gumba ni adhabu, na hupaswi kumpangia kazi inayodhani kwamba simu inatosha.

Umeme nao uwe sehemu ya mpango. Chapisha zoezi la kila kipindi kwenye karatasi, pamoja na lile nitakaloliita zoezi la vipande: chukua programu fupi iliyo sahihi, ichapishe kwa herufi kubwa, kata kila mstari uwe ukanda wake, changanya, kisha uwape wanafunzi waipange upya mezani. Zoezi la aina hii lilielezwa na Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand mwaka 2006, wao wakiwa na sababu zao za kiufundishaji. Kwangu mimi thamani yake ya kwanza ilionekana siku umeme ulipokatika dakika ya ishirini ya kipindi na wanafunzi 60 wakabaki gizani wakiwa na bahasha za karatasi mkononi. Tulifungua madirisha na kipindi kikaendelea. Ongeza ukanda mmoja au miwili isiyohitajika, kwa mfano mstari unaoanzisha jumla kwa 1 badala ya 0, na utasikia mabishano ambayo slaidi 90 hazikuwahi kuyaibua.

Hatua ya tatu: kosa la kwanza litokee siku ya kwanza

Katika darasa la mwaka wa kwanza atakuwepo mwanafunzi aliyeanza kuandika programu akiwa kidato cha pili na mwingine ambaye hajawahi kushika kipanya. Huyu wa pili hukaa nyuma, huwaangalia wenzake, na maandishi mekundu yanapotokea kwenye skrini yake huamini kwamba ameharibu mali ya chuo. Kwa hiyo, kabla ya kufundisha jambo lolote kubwa, fanya kosa liwe kitu cha kawaida. Mimi hutumia mistari hii mitatu:

```
kwenda = input("Nauli ya kwenda: ")
kurudi = input("Nauli ya kurudi: ")
print(kwenda + kurudi)
```

Kila jozi huinakili, huiendesha, huingiza 600 na 600, na skrini huandika 600600. Kicheko hufuata, na baada ya kicheko swali: kompyuta imekosea nini? Haijakosea chochote. Kila kinachoingizwa kupitia kibodi huchukuliwa kuwa maandishi, na alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili maana yake ni kuyaunganisha. Wanafunzi huongeza int( ), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, kwenye mistari miwili ya kwanza, jibu linakuwa 1200, na tayari wamejifunza aina za data bila kukariri fasili. Baada ya hapo waagize waharibu programu kwa makusudi kwa njia tano: waondoe alama moja ya kunukuu, wakosee jina la kibadilika, wasogeze mstari ndani, waingize neno "mia sita" badala ya namba, wafute mabano ya mwisho. Kila kosa waliandike kwenye daftari pamoja na ujumbe uliotolewa na namba ya mstari uliotajwa. Baadhi yao watagundua wenyewe kwamba namba ya mstari inayotajwa wakati mwingine si mahali kosa lilipo, na ugunduzi huo una thamani kubwa kuliko onyo lako.

Hatua ya nne: wasome kabla hawajaandika

Hapa ndipo walimu wengi wanaopenda vitendo huteleza, na mimi niliteleza kwa miaka miwili. Tunatoa swali, tunaonyesha skrini tupu, tunasema "haya, andikeni." Anayejua anaandika, asiyejua anasubiri anayejua amalize ili adese. Utaratibu ninaoufuata sasa unatokana na kazi ya Sue Sentance na wenzake nchini Uingereza, nao una vitendo vitano vinavyofuatana: bashiri, endesha, chunguza, badilisha, unda. Mwanafunzi hupewa programu inayofanya kazi, kabla ya kuigusa huandika kwa kalamu anachodhani kitatokea, kisha huiendesha na kulinganisha, huichunguza kwa maswali, huibadilisha kidogo, na mwishoni kabisa huunda yake.

Usikubali kamwe kitendo cha kwanza kirukwe. Ubashiri ulioandikwa kwa kalamu hauwezi kufutwa kimyakimya, na pengo kati ya ubashiri na matokeo ndilo mahali mwanafunzi anapojifunza. Chukua kipande hiki:

```
jumla = 0
for n in [4, 7, 2]:
    jumla = jumla + n
    print(jumla)
```

Wengi hubashiri 13. Programu huandika 4, kisha 11, kisha 13, kila moja kwenye mstari wake. Sasa waambie wausogeze mstari wa mwisho nyuma ili uwe sambamba na neno for, wabashiri tena, waendeshe tena. Sasa inatoka 13 peke yake. Baada ya hapo kila mwanafunzi achore jedwali lenye safu mbili, ya n na ya jumla, na ajaze thamani zinavyobadilika katika kila mzunguko. Jedwali hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa shule ya msingi, na baadhi ya wanafunzi wenye uzoefu watalidharau. Walazimishe hata hivyo, kwa sababu watalihitaji watakapofika kwenye kitanzi ndani ya kitanzi na kiburi chao kuisha.

Kitendo cha kuchunguza hutegemea ubora wa maswali yako. Swali la "mstari huu unafanya nini?" huzaa majibu ya kukariri. Uliza badala yake: orodha ikiwa tupu, nini kitaandikwa? Tukiufuta mstari wa kwanza, kosa litatokea mzunguko wa ngapi? Tukianza na jumla = 1, jibu litakosewa kwa kiasi gani, na je, litakosewa kwa kiasi hicho hicho hata orodha ikiwa na namba elfu moja? Maswali matatu ya namna hiyo yanatosha kujaza dakika 20.

Kuhusu muda, kipindi cha saa mbili ninakigawa hivi: dakika 10 za kubashiri na kuendesha, dakika 30 za kuchunguza, dakika 30 za kubadilisha, na zilizobaki za kuunda. Katika wiki tatu za kwanza sehemu ya kuunda huwa ndogo sana, wakati mwingine haipo kabisa.

Zoezi moja kwa ukaribu: saa ya Kiswahili

Ili msomaji aone jinsi vitendo hivyo vinavyounganishwa, nitaeleza zoezi ninalolitumia wiki ya nne, na ambalo kila mwaka hunipa kipindi chenye kelele kuliko vyote. Wanafunzi hupewa programu ya kugeuza saa ya kimataifa kuwa saa tunayoitaja kwa Kiswahili, ambamo alama ya % hutoa baki la mgawanyo:

```
saa = int(input("Saa (0 hadi 23): "))
jibu = (saa - 6) % 12
print("Ni saa", jibu)
```

Kwanza wanabashiri jibu la 7, la 15 na la 3. Kwa 7 hakuna ubishi, ni saa 1. Kwa 15 wanafika saa 9. Kwa 3 darasa hugawanyika, kwa kuwa 3 kutoa 6 ni hasi 3, na wengi hawajawahi kuulizwa baki la namba hasi ni nini. Wanaendesha, na Python inajibu 9: saa tisa usiku, sahihi kabisa. Mweleze mwanafunzi hapo hapo kwamba katika Python baki huchukua alama ya kigawanyo, na kwamba akiandika hesabu hiyo hiyo kwa lugha ya C au Java atapata hasi 3, kisha mwache alale nalo. Mwaka wa pili atakapokutana na C atalikumbuka.

Kisha wanajaribu 18, na programu inaandika "Ni saa 0". Hakuna Mswahili anayesema saa sifuri. Kila mmoja chumbani anajua ni saa kumi na mbili jioni, hakuna anayehitaji kitabu kumwambia kwamba jibu ni kosa, na kwa hiyo wanalisaka kwa ujasiri ambao hawaupati katika mazoezi ya joto la nyuzi Fahrenheit yaliyojaa katika vitabu vya kigeni. Wengi hurekebisha kwa sharti: ikiwa jibu ni 0, basi liwe 12. Wachache hugundua (saa - 7) % 12 + 1, na unapaswa kuwaomba waithibitishe kwa jedwali la saa zote 24 badala ya kuwapigia makofi tu.

Sehemu ya kubadilisha ni kuongeza neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Hapa hutokea mabishano ya kweli, kwa sababu mipaka ya alfajiri na jioni haifanani kwa kila mtu, na mwanafunzi wa Mtwara anaweza asikubaliane na wa Bukoba. Usiwaamulie. Kila jozi iandike mipaka yake kwa sentensi kabla ya kuandika if na elif, maneno ya Python ya kuweka masharti, kisha ijaribu saa zilizo ukingoni: 5, 6, 11, 12, 18, 19. Bila kulitaja jina lake la kitaalamu, umewafundisha kwamba programu haiwezi kuandikwa kabla ya kanuni kukubaliwa, na kwamba hitilafu hupenda kukaa mipakani. Sehemu ya kuunda ni kuongeza dakika, pamoja na "na robo", "na nusu" na "kasorobo". Kasorobo ndiyo huwatoa jasho, kwa kuwa saa inayotajwa si ile iliyopo bali inayofuata.

Hatua ya tano: dereva na utingo

Jozi zikiachwa zenyewe, mwanafunzi mwenye uzoefu hushika kibodi na mwenzake hugeuka mtazamaji. Toa majukumu yenye majina. Anayeandika ni dereva. Aliye pembeni ni utingo, kama yule anayeshuka kwenye lori na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma katika kichochoro. Dereva haandiki mstari ambao utingo hajautaja au kuukubali, na utingo hagusi kibodi. Kila baada ya dakika 15 gonga meza na wabadilishane viti, siyo tu kusogeza kibodi. Jozi zibadilishwe kila wiki mbili, na usimweke mjuzi sana pamoja na anayeanza kabisa, kwa sababu mmoja atachoka na mwingine ataona aibu. Panga walio karibu kiuwezo. Faida yake kubwa ni kwamba wanafunzi wanalazimika kusema kwa sauti wanachokifikiri, na mhadhiri msaidizi anayepita nyuma yao husikia kosa la mawazo kabla halijageuka kosa la msimbo.

Hatua ya sita: andika mbele yao, ukosee mbele yao

Mhadhara unaobaki usiwe wa slaidi. Washa projekta, fungua kihariri kitupu, andika programu polepole huku ukieleza, na wanafunzi waandike pamoja nawe. Utakosea, usifiche. Mwanafunzi akikuona unausoma ujumbe wa kosa kuanzia chini kwenda juu, ukikisia, ukijaribu, ukikisia tena, atajifunza jambo ambalo hakuna slaidi inayoweza kulibeba. Gawa karatasi ndogo za rangi mbili zibandikwe juu ya skrini: kijani kwa aliyemaliza, nyekundu kwa aliyekwama. Ukisimama mbele na kuona nyekundu kumi, sitisha kuandika. Ukiona moja, msaidizi aende. Swali la "mmeelewa?" lifutwe kabisa, maana jibu lake limekuwa "ndiyo" tangu darasa la kwanza.

Hapa niongeze neno kuhusu lugha. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya umma alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na ujumbe wa makosa wa Python ni wa Kiingereza cha kifundi. Maneno ya lugha ya programu yabaki yalivyo, lakini majina ya vibadilika, maoni ndani ya msimbo na majadiliano ya jozi yawe kwa lugha ambayo mwanafunzi anafikiria. Bandika ukutani karatasi moja ya ujumbe kumi unaojitokeza mara kwa mara na maana yake kwa Kiswahili chepesi: NameError, umetaja jina ambalo hujaliunda, IndentationError, mistari yako haijapangika, na kadhalika. Wakati wa mitihani utaruhusu karatasi hiyo iendelee kubaki ukutani, na wenzako wa idara watakuuliza kwa nini. Waambie kwamba fundi naye huruhusiwa kuwa na futi yake.

Hatua ya saba: mrejesho siku hiyo hiyo

Kazi iliyosahihishwa baada ya wiki tatu haimfundishi mtu. Kwa wanafunzi 120 huwezi kusoma kila programu kila wiki, lakini unaweza kuandika majaribio mafupi yanayojisahihisha yenyewe. Kuanzia wiki ya sita, wanafunzi wanapojua fanksheni, ambatanisha na kila zoezi mistari kama hii:

```
assert saa_ya_kiswahili(7) == 1
assert saa_ya_kiswahili(18) == 12
assert saa_ya_kiswahili(3) == 9
```

Programu ikipita kimya, imefaulu. Ikisimama, mwanafunzi anaona ni jaribio lipi limegoma. Baada ya wiki mbili geuza mzigo: wao waandike majaribio, na jozi ya jirani iandike fanksheni. Wahadhiri wasaidizi wasome programu 20 tu kwa wiki, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na waandike maoni matatu ya darasa zima yatakayosomwa mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.

Hatua ya nane: mradi wenye mtu halisi

Wiki tano za mwisho ni za mradi wa makundi ya watu watatu. Usiwape mada ya "mfumo wa usimamizi wa maktaba", ambao umekwishaandikwa mara nyingi mno na unapatikana tayari mtandaoni. Watume kwa mtu. Mradi uliozaa matunda zaidi darasani kwangu ni daftari la kikoba: kundi humtafuta mhazini wa kikoba katika mtaa wao, hukaa naye kwa saa moja, huomba kuona jinsi anavyorekodi hisa, mikopo na marejesho bila kunakili majina halisi ya wanachama, kisha huandika programu ya kumsaidia.

Kundi moja lilitunza akiba za wanachama katika kamusi ya Python, yaani hifadhi ambamo kila thamani hupatikana kwa ufunguo wake, jina likiwa ufunguo. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa data walizojitungia. Walipompelekea mhazini ajaribu, aliingiza Mama Neema, baadaye akaingiza Mama Neema mwingine, na akiba ya wa kwanza ikapotea bila ujumbe wowote, kwa kuwa kamusi haikubali funguo mbili zinazofanana na thamani mpya hufunika ya zamani. Mhazini hakujua kamusi ni nini, ila alijua kwamba pesa za mtu zimetoweka. Kundi lilirudi na namba za uanachama. Kundi jingine lilitumia namba za desimali kwa fedha, nikawaomba waandike 0.1 + 0.2 na kutazama jibu, ambalo ni 0.30000000000000004, tangu hapo wakahesabu kwa shilingi kamili na kugawanya kwa //, alama inayotoa namba kamili bila desimali, huku wakiandika bayana shilingi inayobaki inakwenda kwa nani.

Kila wiki kundi lionyeshe kitu kinachofanya kazi, hata kikiwa kidogo. Kundi linaloahidi kuunganisha kila kitu wiki ya mwisho halitaunganisha chochote.

Hatua ya tisa: mtihani ufanane na mafunzo

Ukifundisha kwa vitendo kisha ukapima kwa kalamu na karatasi, wanafunzi watarudi kwenye madesa, na watakuwa sahihi kufanya hivyo. Omba idara ikuruhusu kutoa angalau nusu ya tathmini endelevu kwa vitendo: mtihani wa saa mbili maabara, intaneti ikiwa imezimwa, kila zamu na toleo lake la maswali, na swali la kwanza likiwa la kurekebisha programu yenye hitilafu badala ya kuandika mpya. Toa alama kwa programu ambayo haijakamilika lakini inaendeshwa.

Kwa mradi, tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, msimbo uliowasilishwa peke yake hauthibitishi chochote. Sikatazi matumizi ya zana hizo nyumbani, kwa kuwa siwezi kulisimamia katazo hilo. Ninachofanya ni kumwita kila mwanafunzi kwa dakika tano. Ninachagua fanksheni moja ndani ya mradi wake, namwomba anieleze inavyofanya kazi, kisha aibadilishe jambo moja mbele yangu, kwa mfano mkopo usizidi mara tatu ya hisa. Wanafunzi 120 kwa dakika tano ni saa 10, na zikigawanywa kwa wasaidizi watatu kila mmoja ana saa tatu na dakika 20, muda mfupi kuliko wa kusahihisha vitabu 120 vya majibu. Aliyeiandika huanza kuibadilisha kabla hujamaliza sentensi. Aliyeitumia zana lakini akaisoma na kuielewa naye huweza, na ninampa alama zake. Asiyeisoma huanza kwa kutafuta faili ilipo.

Muhula ukiisha, kusanya karatasi za ubashiri za wiki ya pili hadi ya tano, ambazo ulikuwa umeziomba wasizitupe. Zipange kwa makosa yanayofanana. Rundo kubwa kuliko yote ndilo zoezi la kwanza utakaloliandika upya kabla wanafunzi wa mwaka unaofuata hawajaripoti.